Visu vya Baba, Bega la Mama

Kazi ya kufua suruali za baba ilikuwa yangu, na ndiyo maana mifuko yake niliijua kuliko vitabu vyangu vya shule. Mama alikuwa na sheria moja: suruali haiguswi na maji kabla mifuko haijageuzwa nje. Nilisahau siku moja, na penseli nyekundu ya seremala ikafuliwa pamoja na shati jeupe la kanisani. Shati hilo likashushwa cheo, likawa la dukani.

Tuliishi Kitengela, miaka ile ya tisini ambapo uliweza kuanika nguo ukakuta pundamilia wanakula nyasi upande wa pili wa kamba. Baba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara ya Namanga, lakini kilichotulisha hasa ni ua. Wamasai walikuwa wakiuza mashamba, watu wa Nairobi wakinunua ploti, na kila aliyenunua alitaka kwanza azungushiwe seng'enge, hata kabla hajajua atajenga nini. Baba aliuza nguzo, waya na misumari, kisha akaenda mwenyewe kusimamia kazi. Mtu wa kazi kama hiyo hatoki nyumbani mikono mitupu.

Kila asubuhi alipanga vitu vyake juu ya kabati la vyombo, akavitazama kwanza, ndipo akavitia mfukoni kimoja kimoja. Kisu kiliingia mfuko wa kulia, tepu ya kupimia wa kushoto. Kulikuwa na kamba ya nailoni iliyoviringwa vizuri, kitambaa cha mkono, na tochi fupi, kwa sababu simba wa mbugani walikuwa na mazoea ya kuvuka mto kufuata ng'ombe wa watu. Kulikuwa pia na ufunguo mmoja wa shaba. Nilimuuliza ni wa kufuli gani. Akaugeuza-geuza, akasema hajui, lakini siku atakayokutana na hiyo kufuli atashukuru kwamba hakuutupa. Jibu hilo lilinishughulisha kwa muda mrefu, na mpaka leo nikiona kufuli kuukuu natamani kujaribu.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Shangazi yangu aliniita polisi wa mifuko, na sikukasirika, kwa sababu ilikuwa kweli. Wageni walipokuja nyumbani sikutazama viatu vyao, nilitazama mifuko yao ilivyofura, nikakisia. Mwalimu: chaki na peremende. Dereva wa lori la mchanga: kitambaa kichafu na bisibisi. Mchungaji wetu: alibeba kikata kucha, na alikitumia wakati wa maombi marefu ya watu wengine.

Lakini kisu ndicho kilichokuwa na mambo. Baba hakununua kisu, alikichumbia. Aliweza kukitembelea kisu kimoja kibandani wiki nenda wiki rudi, akijifanya amekuja kwa ajili ya betri. Alikifungua na kukifunga huku sikio likiwa karibu, akisikiliza springi. Alikielekeza kwenye mwanga akaangalia makali kutoka juu. Makali mazuri hayaonekani, alinifundisha, ukiona mstari mweupe unaong'aa hapo ni butu. Alikiweka juu ya ukucha wa kidole gumba: kikiteleza, hapana, kikishika, tuendelee. Mwisho kabisa alimrudishia muuzaji na kumwomba akate kitu, kamba au kipande cha katoni, naye akarudi nyuma hatua chache akawa anatazama mkono wa yule mtu.

Nilimuuliza kwa nini asikate mwenyewe.

"Kisu ikiwa kwa mkono yako unaipenda tu," alisema. "Iangalie kwa mkono ya mtu mwingine, ndio utajua kama inachosha."

Vingi alivikataa. Kimoja kilikuwa na mpini mzuri wa pembe, akasema ukilowa utateleza. Kingine kilikuwa na skrubu badala ya ribiti, na skrubu hulegea mfukoni bila wewe kujua. Visu vyekundu vya Ulaya vyenye mkasi, msumeno na kijiti cha meno alivipenda kwa macho, akavifungua vyote mpaka vikaonekana kama nungunungu, kisha akavirudisha akisema mtu anayebeba hivyo hana kazi maalum. Hata hivyo miaka ilivyosonga visu vilijaa droo nzima ya kabati. Mama alihamisha vijiko.

Nilipokuwa mkubwa kidogo alianza kunichukua siku za soko la mifugo Kajiado. Yeye alikwenda kutafuta nguzo za mierezi. Mimi nilikwenda kuangalia mishipi ya watu. Mmasai wa makamo angeweza kubeba simi kwenye ala nyekundu, rungu, fimbo, kikopo cha ugoro shingoni, na bado akatembea kama mtu asiyebeba kitu. Nilitaka kujua ni nini hukaa wapi na kwa nini. Nyuma ya soko palikuwa na mafundi wa jua kali waliofua visu kutokana na springi za malori, na baba angeweza kusimama hapo mpaka nguzo zote nzuri zikauzwa.

Jirani yetu, mzee wa Kimasai aliyemuuzia baba ploti, alikuwa na ugonjwa uleule. Akija dukani kununua chumvi ya ng'ombe walisalimiana kwa Kimasai, supa, ipa, kisha kabla ya neno lingine kila mmoja alitoa kisu chake akampa mwenzake. Jirani alikunja na kukunjua kisu cha baba huku akicheka kwa pua. Alisema kisu kinachokunjwa ni kisu kinacholala, na chake hakijawahi kulala. Mimi nilishikilia simi yake kwa mikono miwili, na kilichonivutia si ule urefu, ni mpini. Ulikuwa umevikwa ngozi ya ng'ombe bila gundi wala msumari, na haukucheza hata kidogo. Aliniambia ngozi huvikwa ikiwa mbichi na maji, ikikauka inabana yenyewe.

Mama hakuwa na mfuko. Vitu vyake aliviweka kifuani na kwenye pindo la leso, pini, ufunguo wa stoo, noti iliyokunjwa, na vyote hivyo alivitoa bila kuangalia. Visu vya droo hakuvigusa. Baba alipoleta kipya alikiweka mezani baada ya chakula tukishangae, naye mama aliacha kazi yoyote aliyokuwa nayo, akaja, akakitazama kwa makini kuliko sisi sote. Hakusema kizuri wala kibaya. Akamaliza kukitazama, akarudi jikoni. Nilidhani anajali pesa.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kitengela ilikuwa imejaa mawe na mabati, pundamilia wamerudi nyuma, na waya uliuzwa kila kona. Siku moja baba akishusha roli ya seng'enge kutoka kwenye pikapu, kamba ilikatika na waya ukaruka. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia, kile cha mwisho na jirani yake, havikukunjika tena. Kwa mtu mwingine ingekuwa bahati kwamba alipona. Kwa baba ilikuwa kwamba kisu cha kukunja sasa kinamshinda. Hakuweza kukikamata barabara akasukuma kwa gumba. Akawa anakifungua kwa meno, na mama akawa anamgombeza kama mtoto. Lakini bado alikitia mfukoni kila asubuhi. Nilimwonea huruma na sikujua namna ya kumwambia.

Ni wakati huo ndipo nilipomleta nyumbani kijana niliyetaka kuolewa naye. Alikuwa mtu wa Kakamega, amepanga chumba Kitengela, fundi wa mashine za kushona katika kiwanda cha nguo. Nilimwonya kuhusu mifuko. Alicheka, akadhani natania. Tulipomaliza chai, baba alimwekea muwa mbele na kumwomba kisu cha kuumenyea. Kijana akatoa alivyokuwa navyo: simu ndogo, funguo, na bisibisi fupi kuliko kidole changu. Kisu hakuwa nacho.

Baba aliichukua ile bisibisi. Akauliza ni ya nini. Kijana akaeleza kwamba mashine ya kushona ina skrubu moja inayoshikilia mguu wa sindano, na kwamba mafundi wengi huiharibu kwa kutumia ncha pana, kwa hiyo yeye aliinoa hii mwenyewe mpaka ikaingia sawasawa. Baba akataka kujua aliinoa kwa jiwe gani. Muwa ulilala pale mpaka jioni. Kijana alipoondoka, baba aliniambia huyo anabeba kitu kidogo lakini anajua sababu yake, na nikajua amekubali.

Watu wa Kakamega wakatuma salamu kwamba wangependa kuja kubisha hodi rasmi. Baba akaita mkutano mdogo wa nyumbani, yeye, mama, mimi, na mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, aliyekuja kutoka Ngong. Huko ndiko walikozaliwa. Watu wao walitoka Murang'a zamani wakafungua duka la nafaka chini ya vilima. Mjomba alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ya sufu, na alikuwa akila polepole. Alisikiliza mipango yote, mahema, sufuria, nani atapokea wageni. Kisha akaweka kikombe chini.

Alisema kwamba kabla hatujala mbuzi wa msichana huyu, yeye ana swali kuhusu mama yake.

Kwetu Wakikuyu, ndoa haiishii kwenye mbuzi na ng'ombe wanaopelekwa. Inaishia siku ya karamu nyumbani kwa msichana, ngurario, ambapo bega la mbuzi huchomwa likawekwa mbele ya mwanamume, naye hulikata kwenye kiungo mbele ya watu wote na kumlisha mkewe. Bega hilo huitwa kiande. Mpaka likatwe, wazee humhesabu mwanamke kuwa bado msichana wa kwao, hata awe na wajukuu. Na baba ambaye hajamkatia mkewe bega hawezi kukaa kwenye kiti kupokea wanaomtaka binti yake.

"Mimi nilikuwa hapo wakati mbuzi zililetwa," mjomba alisema. "Nilizihesabu. Lakini bega ya dada yangu sijawahi kuiona. Akifa leo, shemeji, tunamzika kama nani?"

Ilikuwa kweli. Babu wa Ngong alifariki mwezi uleule karamu ilipokuwa ikipangwa, matanga yakachukua nafasi yake, kisha kukawa na duka, kisha kukawa na mimi na ndugu zangu, na ploti, na waya. Hakuna aliyekataa. Ilisahaulika tu, au tuseme baba aliisahau. Nilimtazama mama. Alikuwa akikunja kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

Nilimfuata jikoni. Nilimuuliza kama alikuwa akikumbuka miaka yote hiyo. Akasema ndiyo. Nikamuuliza mbona hakumwambia. Mama akanieleza, akiosha vikombe, kwamba kuna vitu ukiviomba vinakuwa vya kuombwa. Kwenye ngurario za watu wengine, bega lilipoletwa, yeye aliondoka akaenda kuangalia sufuria, kwa sababu wanawake wengine walijua, na alichoka kutazamwa. Hayo aliyasema bila machozi. Mimi ndiye niliyelia, na akanituma nikamwage maji machafu.

Mjomba akaamua: karamu ya mama kwanza, Ngong, nyumbani kwao. Yetu ingefuata. Mbuzi, pombe ya muratina na watu angeviandaa yeye, na kisu pia kingekuwepo. Hapo ndipo baba alipoinua kichwa.

"Bega ya bibi yangu siwezi kukata na kisu ya kuazima," alisema.

Kesho yake alimwaga droo yote juu ya meza. Niliketi naye, na nakiri kwamba pamoja na uzito wa jambo lenyewe nilifurahi kama niko maonyeshoni. Nilikuwa nimeviona vyote, lakini sikuwahi kuelezwa kila kimoja kimefanya nini. Hiki kilikata waya, makali yameumia. Hiki kilimkomboa ndama aliyenyongwa na kamba, lakini alikufa. Hiki alikatia kitovu cha punda wa jirani. Hiki alikiokota mahali palipotokea ajali, na hajawahi kukitumia, wala hajui kwa nini anakiweka. Kimoja kilikuwa kizuri kupita vyote, chembamba, cha chuma cheusi. Akakishika kwa vidole vyake vitatu, akajaribu kukigeuza, kikamponyoka kikaanguka sakafuni. Akakiokota. Akarudia. Kikaanguka tena. Alivirudisha vyote kwenye droo akaifunga kwa goti.

Tukaanza kutafuta. Twende Ngong siku ya soko, twende Kajiado, turudi Kitengela kwenye vibanda vya mitumba. Mchumba wangu alikuja nasi kila alipopata nafasi kazini. Yeye na baba walikuwa wakiongoza mbele, wakibishana kuhusu chuma, mimi nyuma na maswali yangu, na nikagundua kwamba sasa baba hakuchagua kama zamani. Hakusikiliza springi. Hakutazama mwanga. Alikifumbata mkononi tu, akauuliza mkono.

Jirani Mmasai akatoa simi yake bila kuombwa. Ilikuwa ndefu mno kwa kazi ile, na baba akamwambia ashe, asante, lakini kwa hiyo atakata mpaka meza. Hata hivyo alirudi nyumbani akiwaza juu ya ule mpini. Hatimaye kwa mafundi wa Kajiado walipata kisu kifupi kisichokunjwa, cha springi ya lori, upana wa vidole viwili, kikiwa chuma kitupu bila mpini. Fundi alitaka kukitilia mbao. Baba alikataa.

Jirani alitupatia ukanda wa ngozi mbichi. Mchumba wangu aliuloweka kwenye ndoo, akaupunguza unene kwa ile bisibisi yake, akaushona kwa uzi wa kiwandani, tabaka juu ya tabaka, mpaka mpini ukawa mnene kuliko wa kisu chochote nilichowahi kuona. Kisha akampa baba ukiwa bado na maji, akamwambia aushike kama atakavyoushika siku hiyo na asiuachilie. Baba alikaa juani nje ya duka mchana mzima na kisu mkononi. Wateja walijihudumia wenyewe. Ngozi ilipokauka ilikuwa imebeba umbo la mkono wake, vile vidole vitatu vilivyokunjika na vile viwili vilivyonyooka. Mkono mwingine wowote haukukaa pale. Nilijaribu, na nilihisi ni kama nimevaa kiatu cha mtu.

Kilichobaki ni kufanya mazoezi. Baba alinunua bega buchari, tukachoma, akakata. Siku ya kwanza alipiga mfupa. Kiungo cha bega la mbuzi si pale unapodhani; kimejificha chini ya nyama, na nyama ikichomwa hujivuta ikakificha zaidi. Akanunua jingine. Kwa wiki kadhaa nyumba yetu ilikula bega la kuchoma, bega la mchuzi, bega na njugu. Majirani walidhani tumeshinda kitu. Mama alipika yote, akatupakulia yote, na yeye mwenyewe alikula sukuma wiki. Baba alimwambia aonje angalau kipande.

"Hapana," mama alisema. "Hii ni ya mazoezi. Yangu bado."

Siku yenyewe upepo ulishuka kutoka vilimani na mahema yakawa yanapiga makofi. Walikuja shangazi, wake wa wajomba, watu wa kanisa letu, jirani Mmasai na shuka yake mpya. Mama walimvisha leso mbili na mkufu wa shanga, wakamketisha kwenye kiti cha mbao katikati ya uwanja alikochezea utotoni. Nilikuwa sijawahi kumwona mama akikaa tu. Mikono yake haikujua iende wapi.

Wakaleta bega kwenye ubao, likitoa moshi. Mjomba akaweka kisu cha nyumbani kando ya ubao, kwa heshima tu, iwapo kitahitajika. Baba alitoa chake. Wazee wakanyoosha shingo kuuona ule mpini wa ajabu, mmoja akamnong'oneza mwenzake. Ninajua nilichokuwa nikiogopa. Akipiga mfupa watu wangecheka, si kwa ubaya, ndivyo desturi ilivyo, lakini kicheko hicho kingemfuata mama mpaka Kitengela, na alikuwa amekingoja kitu hiki muda mrefu kuliko umri wangu.

Baba aliweka mkono wa kushoto juu ya nyama iliyokuwa bado moto. Akapapasa. Kisu kikaingia, kikasimama. Baba hakulazimisha. Aligeuza kiwiko kidogo, akashusha bega lake mwenyewe, na kiungo kikaachia kwa sauti ndogo ambayo walioketi mbele tu ndio walioisikia. Mfupa ukaanguka upande mmoja wa ubao, mzima, mweupe. Wanawake wakashika vifua tayari kwa vigelegele.

Alikata kipande, akainuka, akamnyooshea mama kinywani.

Mama hakufungua kinywa.

Alimtazama. Shangazi mmoja akamwambia ale, baba watoto anangoja. Mama hakumgeukia. Mkono wa baba ulikuwa umeinuliwa, mafuta yakamtiririka mpaka kwenye saa. Mjomba alijiinua kutoka kwenye kiti akaketi tena. Mimi nilidhani mama amebadili mawazo.

"Kila kisu ulileta nyumbani," mama alisema, polepole, si kwa hasira, "nilikuja nikaiangalia. Nikajiuliza, ni hii?"

Niliona baba akiyapokea maneno hayo. Niliona akiviona visu vyote, droo nzima, kimoja kimoja, na yeye mama amesimama kando ya meza na mikono yake yenye maji. Uso wa baba ulizeeka pale pale mbele yetu. Mkono haukushuka.

"Ni hii," baba alisema.

Mama akafungua kinywa, akala. Alitafuna taratibu, macho yake kwa baba, na uwanja mzima ukamngoja mpaka alipomeza.